Mzigo Usiocheza

Hotuba kwa waendesha baiskeli mjini Moshi, jioni ya kuamkia safari ya Lushoto

Wazee wetu mliotangulia, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliofika na baiskeli zenu mpaka mlangoni, habari za jioni. Mwenyekiti aliniomba niseme machache kuhusu kufunga mizigo, dakika tano hivi wakati watu wanakunywa chai. Nikamwambia dakika tano hazitoshi, kwa sababu safari nilizoziona zikivunjika hazikuvunjwa na mlima wala na miguu dhaifu. Zilivunjwa na kamba iliyolegea na begi lililoning'inia. Basi akanipa jioni nzima. Namshukuru, na nitaitumia.

Kesho alfajiri tunatoka hapa. Nimepita nje nikaziangalia baiskeli zenu moja moja. Nyingi ni za mbio, hizi tunazoziita resi: fremu nyepesi, tairi za upana wa milimita 25 au 28, spoku za kuhesabika, na hakuna hata tundu moja la skrubu la kushikizia keria. Mwenzetu mmoja amenivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli baiskeli ya namna hii haiwezi kubeba hema, maana dukani waliiambia familia yake kwamba itabidi anunue nyingine. Namjibu mbele yenu wote. Inaweza. Itakufikisha Lushoto, kule milima ya Usambara, utalala Irente kwenye ukingo wa mlima ukiutazama uwanda wote wa Wamasai ulivyolala chini yako, na itakurudisha hapa. Kitu kimoja tu haikiwezi, nacho ni mzigo unaocheza.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Ngoja niwaeleze nililijuaje.

Mwaka 2016 nilitoka hapa Moshi peke yangu. Nilikuwa na keria ya alumini, ile inayobana kwenye bomba la siti na kuning'inia hewani bila miguu ya kushuka hadi kwenye ekseli. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwisho wake ni kilo 9. Mimi niliitwisha mabegi mawili ya pembeni, hema juu yake, jiko la gesi, sufuria mbili, suruali ya jinzi, taulo kubwa la kuogea na kitabu. Niliporudi nilipima vyote: kilo 17.

Hata kabla sijafika Mwanga, kisigino kilikuwa kinagonga begi kila mzunguko wa pedali. Baiskeli ya mbio imekaa hivyo: kutoka kwenye mhimili wa kranki hadi ekseli ya nyuma kuna kama sentimita 41 tu, wakati baiskeli iliyoundwa kwa safari ndefu huwa na sentimita 44 au zaidi. Hizo sentimita tatu ndizo nafasi ya kisigino chako. Nikasimama nikasogeza mabegi nyuma. Kisigino kikapona, lakini uzito sasa ulikuwa nyuma ya ekseli, na kila niliposimama kwenye pedali mkia wa baiskeli ulitaka kwenda kushoto huku mimi nikienda kulia. Nikajiambia ni uchovu, nitazoea.

Nimetoka Same, sijafika Makanya, nikasikia mlio mkali, kama waya wa gitaa umekatika. Ilikuwa spoku ya nyuma, upande wa cheni. Nikaendelea polepole. Kabla ya kilomita mbili hazijaisha ikakatika ya pili, na rimu ikaanza kugusa breki kila ilipozunguka.

Makanya kulikuwa na fundi chini ya mwarobaini. Alikuwa na spoku za kutosha, lakini spoku ya upande wa cheni haitoki mpaka kwanza utoe gia za nyuma, na kifungulio cha gia zangu hakuwa nacho. Kibaya zaidi, mimi mwenyewe sikuwa nacho. Yule mzee hakukata tamaa. Aligeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akaweka kucha ya kidole gumba karibu na rimu ili aone inakoyumbia, halafu akazilegeza spoku jirani za upande wa pili robo zamu, robo zamu, mpaka rimu ikaacha kugusa. Kazi ya nusu saa. Ilinifikisha Mombo.

Hapo chini ya mwarobaini alikuwapo mtu mwingine, mchuuzi wa mkaa, anasubiri pancha yake iwekwe kiraka. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya chuma tunayoijua sote, na juu ya keria kulikuwa na magunia mawili yaliyopanda kuliko kichwa changu. Alikuja akashika mabegi yangu kwa mkono mmoja akayatikisa. Yakaenda huku na huku, baiskeli imesimama pale pale. Kisha akaniambia nishike gunia lake nilitikise. Nilipolitikisa, ikatikisika baiskeli nzima, kuanzia usukani hadi tairi la nyuma, kama kitu kimoja. Akaniambia, "Kijana, huu mzigo wako haujafungwa. Umewekwa."

Neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Tafadhalini, msidhani ujuzi wa kufunga mzigo kwenye baiskeli unatoka kwenye maduka ya nje pamoja na mabegi ya bei kubwa. Upo hapa hapa. Upo kwa watu wa mkaa, kwa watu wa maziwa wanaoteremka asubuhi na madumu pande mbili za keria, kwa wale wa ndizi wanaosukuma mikungu sita kupandisha kilima. Goma, upande wa Kongo, wameunda kabisa chombo chao cha mbao, chukudu, na wanateremka nacho na magunia ya viazi. Watu hawa mzigo ukiwaangukia, siku imekwenda na chakula cha watoto kimekwenda. Wanajua.

Sasa, kwa nini spoku zangu zilikatika na za mwenye mkaa hazikukatika, na yeye alibeba mara tano ya mzigo wangu? Sehemu moja ya jibu ni gurudumu. Baiskeli za zamani za mtindo wa Kiingereza, zile Raleigh za babu zetu, zilikuwa na spoku 40 nyuma na 32 mbele. Yangu ilikuwa na 24 nyuma na 20 mbele. Kila spoku yangu ilikuwa inafanya kazi ya karibu spoku mbili. Lakini sehemu ya pili ndiyo kubwa zaidi: mzigo uliotulia unakandamiza, mzigo unaocheza unapiga. Kila ukiyumba, unarudi na kishindo, na kishindo hicho hakina pa kwenda isipokuwa kwenye rimu na spoku, na kwanza kabisa zile za upande wa cheni kwa sababu ndizo zimekazwa kuliko zote. Kilo 10 zilizotulia baiskeli yako itazibeba wiki nzima. Kilo 10 zinazocheza zitakuacha kati ya Same na Hedaru na upepo wa kusi usoni.

Kwa hiyo tunaanza na kupunguza. Mimi nawaomba mkubaliane nami kuhusu kipimo: kwa resi, mzigo wote pamoja na hema usizidi kilo 10, na ukiweza kilo 8 ni bora. Maji sihesabu humo. Usikadirie kwa mkono. Panda kwenye mizani na mabegi, kisha panda bila mabegi, toa. Haba na haba hujaza kibaba, na gramu zinajaza kwa siri kuliko pishi la mchele.

Cha kwanza kubaki nyumbani ni jiko. Najua baadhi yenu mnapenda kupika porini, na kama tungekuwa tunakwenda mahali pasipo watu ningesema mengine. Lakini barabara hii ya kwenda Korogwe ni barabara ya mabasi. Same kuna mama lishe tangu kabla ya jua. Hedaru utapata chai na chapati, Mombo utapata wali maharage saa yoyote. Lushoto penyewe ni nchi ya matunda na mboga. Plamu na mapeasi yanauzwa kandokando ya barabara kwa ndoo. Ukiacha jiko, gesi, sufuria, mchele, mafuta na sabuni ya kuoshea vyombo, umeacha karibu kilo tatu, na fedha utakayotoa imebaki kwa mama wa watu aliyeamka saa tisa usiku kukanda unga. Binafsi sioni hasara yoyote hapo.

Cha pili ni nguo. Jozi mbili za kuendeshea, moja ya kulalia, basi. Unafua jioni, unaanika, asubuhi unavaa hata kama ina unyevu kidogo. Nusu saa kwenye siti imekauka. Ila sweta usiache. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400, na miezi hii usiku wake ni chini ya nyuzi 15. Mtu wa Moshi mjini anaweza kusahau kwamba Usambara nako kuna baridi.

Cha tatu ni taulo. Badala yake chukua kanga au kikoi. Kanga moja ni taulo, ni shuka, ni pazia la kuvalia nguo, ni kivuli ukijifunika saa saba mchana, na ukiikunja ni mto. Inakauka haraka na ni nyepesi kuliko taulo. Ninapofikiria kitu kimoja kinachofanya kazi nyingi namkumbuka Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, kati ya mwaka 1884 na 1886. Baiskeli yake ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, haina gia, haina mahali pa keria. Alibeba soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na blanketi. Hivyo ndivyo alivyovuka Marekani, Ulaya, Uajemi mpaka akafika Japani. Na aliyewafundisha Waingereza kulala kambini kwa baiskeli, Thomas Hiram Holding, alikuwa fundi cherehani wa London. Fundi cherehani anajua uzito wa kitambaa. Mwaka 1897 alisafiri na wenzake Connemara, Ireland, wakiwa na hema lao kwenye baiskeli, na mwaka 1901 chama cha wapiga kambi wa baiskeli kikaanzishwa. Nawataja hawa ili mjue kwamba swali la mwenzetu pale mlangoni si geni. Tangu baiskeli ilipoanza, watu wamekuwa wakiiambia haiwezi kubeba nyumba, na watu wengine wamekuwa wakipunguza nyumba.

Haya. Umepunguza, kilo 8 ziko kitandani mbele yako. Zinakwenda wapi?

Vitu vizito na vidogo viingie kwenye begi la fremu, katika ile pembetatu kati ya miguu yako: vifaa vya fundi, tyubu, kufuli, betri ya kuchajia simu, chakula. Hapo ndipo baiskeli haihisi uzito, kwa sababu uko chini na uko katikati. Begi hilo liwe jembamba. Likivimba, magoti yatalisugua, na ngozi ya paja ikichubuka siku ya kwanza haiponi safarini. Kama begi linakula nafasi ya chupa za maji, tafuta begi la nusu linalokaa chini ya bomba la juu, chupa zibaki chini yake.

Nyuma, chini ya siti, kuna begi refu linaloelekea juu ya tairi. Humo weka vitu vikubwa lakini vyepesi: begi la kulalia, nguo, godoro la kupuliza kama ni dogo. Anza kwa kukisukumiza kitu kimoja kigumu kidogo hadi ndani kabisa, penye ncha karibu na bomba la siti, maana hapo ndipo begi linapokazika. Halafu shindilia. Wengi wanakosea hapa: wanaweka nguo zilizokunjwa vizuri kama za sandukuni, zinaacha hewa, na begi lenye hewa ndilo linalotikisika kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Nguo zisikunjwe, zisindikwe kwa ngumi mpaka begi liwe gumu kama gogo. Ukilipiga kofi litoe sauti ya gogo.

Mbele, kwenye usukani, weka hema na mkeka wake, vimeviringishwa. Kilo mbili, zisizidi. Uzito mwingi mbele unafanya usukani uchelewe kutii, na kwa baiskeli hizi ambazo usukani wake ni mwepesi, utaogopa. Angalia nyaya za breki na za gia zisibanwe na mzunguko wa hema. Waya ukipindishwa kwa nguvu, gia zinaruka zenyewe, na utamlaumu fundi bure. Kama vyuma vya hema ni virefu kuliko nafasi kati ya mikunjo ya usukani, vitoe, vifunge peke yake kando ya bomba la fremu.

Na taa ya nyuma! Hii naomba mnisikilize. Karibu kila begi la chini ya siti linafunika taa. Mtu anawasha taa yake, anaridhika, kumbe dereva wa lori nyuma yake anaona giza. Hamisheni taa, ifungwe nyuma ya begi lenyewe, au kwenye bomba la nyuma karibu na ekseli upande wa barabarani. Barabara ile ina mabasi ambayo hayapunguzi mwendo.

Sasa kufunga. Mikanda iliyokuja na mabegi ni mizuri, itumieni, lakini juu yake kila mmoja awe na vipande viwili au vitatu vya mpira wa tyubu. Nimeleta hapa tyubu kuukuu za kutosha. Tyubu iwe ya baiskeli, ile ya gari ni nene, haishiki. Unaikata mahali penye valvu, valvu unaitupa. Unaipasua kwa urefu, unapata utepe mrefu. Ndani kuna unga mweupe. Uoshe kwa sabuni na uukaushe, la sivyo mpira utateleza. Kisha punguza upana ubaki vidole viwili.

Kufunga kwake kuna namna. Mtu wa kawaida anazungusha mpira kwanza, halafu anavuta mwishoni ili akaze. Mwenye mkaa anavuta kwanza. Anashikiza ncha moja kwenye chuma, anauvuta mpira mpaka uwe mwembamba na rangi yake igeuke kijivu, na huku umevutika hivyo ndipo anauzungusha, kila mzunguko ukilala nusu juu ya mwenzake. Mwisho hafungi fundo. Anaipitisha ncha chini ya mzunguko wa mwisho na kuuachia uibane. Mpira unajishika wenyewe. Kila shimo la barabarani linapojaribu kuulegeza, unavuta tena. Kamba ya katani haiwezi hilo: ikilegea, imelegea. Na jioni ukifika, unavuta ncha moja, mzigo wote unafunguka, hata gizani, hata vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mvuto wa kila mpira uelekee mbele na ndani, kwenye bomba la siti na kwenye fremu. Usifunge mzigo ukishuka tu chini, maana kinachotaka kutoroka kinatoroka kwa nyuma na kwa pembeni.

Kabla ya mkanda wowote kugusa fremu, weka tepu ya umeme au kipande cha tyubu mahali pale. Vumbi letu ni mchanga mwembamba. Likiingia kati ya mkanda na fremu, kwa siku tatu linasaga rangi yote, na kama fremu ni ya kaboni linaanza kula kaboni yenyewe. Wenye bomba la siti la kaboni, msibane keria ya chuma hapo hata kama muuzaji ameapa. Kaboni ni imara kwa nguvu iliyopangiwa, lakini kubanwa na kibano hakukupangwa. Kwenu nyinyi ni mabegi ya mikanda peke yake.

Tairi: kama fremu inaruhusu milimita 28, toa za 25 leo usiku. Mzigo ukiongezeka, upepo nao uongezwe, hasa nyuma ambako kuna zaidi ya nusu ya uzito. Mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 10 kwenye tairi la 28, mimi ningempa 75 mbele na 85 hadi 90 nyuma kwa kipimo cha PSI, na asivuke namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lililo laini nyuma ndilo linalong'atwa na rimu ukipita kwenye shimo, na pancha yake huwa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka.

Tyubu zenu hazipatikani Makanya, wala Hedaru, wala Mombo. Kila mmoja abebe mbili, na viraka na solusheni. Na valvu zenu nyembamba, Presta, haziingii kwenye pampu za mafundi wa njiani; kuna kikofia kidogo cha shaba kinachozigeuza, bei yake ni ndogo, uzito wake haupo. Kifunge kwenye valvu kabisa usikipoteze. Alenki, zile funguo za skrubu za pembe sita, pamoja na kifungulio cha gia za nyuma na spoku tatu za urefu wa magurudumu yenu, mbili za upande wa cheni na moja ya upande wa pili, zilazwe ndani ya bomba la siti au zibandikwe kwa tepu kwenye fremu. Kifungulio kimoja kwa kikundi kizima kinatosha, na pampu kubwa moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wahenga, kwa hiyo vitu vya kikundi tutavigawa hadharani hapa, mbele ya mizani, ili asije mmoja akabeba spana za watu kumi huku sisi tunamwambia aongeze mwendo.

Kuhusu kupanda: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Wastani si mkali, lakini kona za chini ya Soni zinakuuma. Kama gia yako kubwa ya nyuma ina meno 28, utapanda ukisimama kwenye pedali, na ukisimama ndipo mzigo unaocheza unajitangaza. Mwenye nafasi ya kuweka yenye meno 32 na aweke. Msione aibu kushuka na kusukuma. Baiskeli iliyofungwa vizuri inasukumika kwa mkono mmoja kwenye siti.

Kuteremka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Ukiwa na mzigo, baiskeli haisimami pale ulipozoea. Anza kushika breki mapema, shika kwa vipindi, uachie, shika tena, mbele na nyuma kwa kupokezana. Breki za rimu zikishikwa mfululizo kwa kilomita kadhaa zinachemsha rimu, na tyubu inaweza kupasuka. Wenye rimu za kaboni na breki za kubana rimu, kwa upendo kabisa nawaomba muazime magurudumu ya alumini kwa safari hii. Soni tutasimama wote, kwenye maporomoko, tupumzishe mikono na rimu zipoe. Na kama katikati ya mteremko usukani utaanza kutetemeka wenyewe, kushoto kulia, haraka haraka, usiukazie mikono. Bana bomba la juu kwa magoti yote mawili, legeza viwiko, punguza mwendo taratibu. Mtetemo utakufa. Kisha simama utafute ni begi gani limelegea, kwa maana lipo.

Usiku wa kwanza, kabla hatujachomeka kigingi hata kimoja, tutapiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tukijulikana tumelala pale, tumelindwa na kijiji kizima, na mara nyingi tutaonyeshwa mahali pazuri kuliko tulipopaona wenyewe, karibu na bomba la maji. Hivyo hakuna haja ya kubeba maji ya kuogea na ya kesho yake tangu mchana. Lita moja ni kilo moja. Chupa mbili kwenye fremu, na ya tatu tununue tunapoona mbele kuna kipande kirefu cha jua, kama kile cha baada ya Same.

Mmenisikiliza kwa subira. Chai nadhani imepoa, lakini naomba tusikae tena. Tutoke nje na taa zenu. Kila mmoja aifunge baiskeli yake kama atakavyosafiri nayo, maji ndani ya chupa na kila kitu. Nitapita kwa kila mtu. Nitashika siti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, nitainyanyua kiganja kimoja kutoka ardhini na kuiachia. Sote tutanyamaza tusikilize. Ikitua kwa mlio mmoja, mwenye nayo aende akalale. Ikitua kwa milio miwili, tutakaa hapa mimi na yeye, tyubu ziko mezani na mkasi upo, mpaka tubakishe mmoja. Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri.